Gari la Kijapani, video ya Kimarekani, geji ya pauni: nifuate kipimo kipi?

Msomaji wa Morogoro ameniandikia hivi, nami nimefupisha kidogo:

"Shikamoo mtaalamu. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, injini 1NZ. Karatasi ya Japani inasema nguvu 109. Kaka yangu aliyeko Texas anasema gari hilohilo kule liliuzwa kwa jina la Scion xA, na nguvu zake ni 108. Tukatafuta zaidi, tukakuta 103. Upepo wa tairi kwenye kibandiko cha mlango uko kwa kPa (kilopaskali), kijana wa tairi anataka pauni. Mkazo wa nati video zinautaja kwa futi-pauni, kitabu kwa N·m (nyutoni-mita). Nimeanza daftari la gari langu na nataka kushika kipimo kimoja. Kaka anashikilia kuwa magari ni ya vipimo vya Kiingereza, metriki ni mambo ya shule. Je, kuna kilicho bora kweli, au ni mazoea tu? Na nikinunua spana ya kupimia mkazo wa nati, yaani ile ya toki, nichukue ya kipimo gani?"

Marahaba, ndugu yangu. Daftari lako liandike kwa metriki. Gari hilo lilichorwa kwa milimita, likachongwa kwa milimita, na tarakimu zake zote muhimu zilizaliwa humo. Za pauni, galoni na futi unazozikuta kwenye video zilikokotolewa baadaye na kuzungushwa, yaani kukadiriwa hadi tarakimu ya karibu, ili mnunuzi wa Marekani asipate taabu. Mimi hufuata kanuni moja: kipimo cha kweli ni kile alichotumia aliyechonga chuma. Ukiishika kanuni hiyo itakupeleka kwenye metriki karibu kila mara, na mahali pachache itakurudisha kwenye inchi. Huko nako uifuate.

Kaka yako ana haki ya kuzoea alichozoea, ila hoja yake imepitwa na wakati hata huko aliko. General Motors iliamua kuhamia metriki mwaka 1973, na Chevrolet Chevette iliyotoka mwaka 1976 ikasanifiwa hivyo. Injini ya Ford ya lita 2.3, iliyoanza kutengenezwa mjini Lima, Ohio, mwaka 1974, nayo ilikuwa ya metriki. Mwambie afungue boneti ya gari lolote jipya la Detroit kisha ajaribu kufungua boliti zake kwa spana za inchi. Vipimo vya Kiingereza vimebaki kwenye vipeperushi na kwenye dashibodi. Chuma chenyewe kilishahama. Tena inchi haisimami peke yake siku hizi. Tangu makubaliano ya mwaka 1959 kati ya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, inchi moja ni milimita 25.4 kamili, na pauni ni kilo 0.45359237. Anayepima kwa inchi anategemea milimita, ajue asijue.

Tuje kwenye hizo 109, 108 na 103. Kwanza ondoa wasiwasi, hujauziwa gari dhaifu.

Tarakimu hizo ni nguvu za farasi, na farasi wa Japani si farasi wa Marekani. Kwenye karatasi yako, baada ya 109 utaona herufi PS. Hiyo ni nguvu ya kuinua kilo 75 kwenda juu mita moja katika sekunde moja, sawa na wati 735.5, Wajerumani ndio walioizoesha dunia. Farasi wa Kiingereza alitoka kwa James Watt, naye huinua pauni 550 futi moja katika sekunde moja, sawa na wati 745.7. Tofauti yao haifiki asilimia moja na nusu, lakini inatosha kubadili tarakimu. PS 109 ukizigeuza zinakuwa 107.5, Wamarekani wakazungusha, wakaandika 108. Mpaka hapo ni injini ileile, kazi ileile.

Ile 103 ina historia nyingine, na watu wengi huisoma vibaya. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilikaza masharti ya namna injini inavyopimwa, na Toyota ilipopima upya kwa ajili ya matoleo ya mwaka 2006, tarakimu za injini zake kadhaa zikashuka. Camry ya silinda sita ilitoka 210 ikawa 190 bila kuguswa pistoni hata moja. Scion xA ikashuka kutoka 108 hadi 103. Marekani walishaona mshuko mkubwa kuliko huo: injini ya Cadillac Eldorado ya inchi za ujazo 500 iliandikwa 365 mwaka 1971, na mwaka 1972 ikaandikwa 235, kwa sababu kabla ya hapo injini ilipimwa ikiwa imevuliwa alteneta, feni na bomba la moshi, na baadaye ikapimwa ikiwa imevaa vyote kama inavyokaa garini. Kwa hiyo unapolinganisha magari mawili, kujua kipimo hakutoshi. Ujue pia yalipimwa wapi na miaka gani.

Kwenye daftari andika kilowati 80. Kilowati ni moja tu popote uendako, haina ya Kijerumani na ya Kiingereza. Wajapani wenyewe waliwahi kutuonyesha jinsi farasi wawili wanavyochanganya watu. Kampuni zao zilikubaliana kutouza gari la abiria linalotangazwa kuwa na zaidi ya PS 280, na desturi hiyo ikadumu hadi mwaka 2004. Kwenye maandishi ya Kiingereza ukomo huohuo ukasomeka 276, na mashabiki wa magari hadi leo hubishana kama gari la 276 ni dhaifu kuliko la 280. Yote ni kilowati 206.

Kwenye mafuta nina msimamo mkali zaidi, na huenda usiupende, maana hapa siafiki hata desturi yetu wenyewe. Sisi husema gari linakwenda kilomita 12 kwa lita. Hiyo ni metriki, na ni afadhali mara mia kuliko maili kwa galoni, kwa sababu galoni nazo ni mbili: ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Gari linalosifiwa Uingereza kwa maili 40 kwa galoni, Marekani ni la maili 33. Ukisoma maoni ya Mwingereza na ya Mmarekani kuhusu gari moja bila kujua hilo, utadhani mmoja wao anadanganya. Uingereza yenyewe huuza petroli kwa lita, halafu huhesabu ulaji wa gari kwa galoni.

Hata hivyo kilomita kwa lita ina kasoro ileile iliyomo kwenye maili kwa galoni: inadanganya jicho. Chukua mtu mwenye gari kubwa la kilomita 7 kwa lita, akahamia la kilomita 9. Jirani yake ana dogo la kilomita 15, akahamia la kilomita 20. Nani ameokoa mafuta zaidi? Wengi watasema wa pili, maana ameongeza tano na mwenzake ameongeza mbili tu. Hesabu kwa kilomita 100. Wa kwanza alikuwa akichoma lita 14.3, sasa anachoma 11.1, ameokoa lita 3.2. Wa pili ametoka lita 6.7 hadi 5. Ameokoa lita 1.7. Yule wa mbili amemshinda yule wa tano karibu mara mbili. Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke waliandika kuhusu kosa hili la macho katika jarida la Science mwaka 2008, na Wamarekani waliliona ni zito kiasi kwamba kibandiko cha magari yao mapya kuanzia matoleo ya mwaka 2013 kinataja pia galoni kwa kila maili 100.

Kwa hiyo andika lita kwa kilomita 100. Jaza tangi hadi pampu ikate, andika odomita, tembea, ujaze tena hadi ikate. Lita ulizoongeza zigawe kwa kilomita ulizotembea, zidisha kwa mia. Tarakimu inayopatikana ni fedha moja kwa moja: ikipanda kutoka 6.5 hadi 7.5 bila safari zako kubadilika, unajua umeongeza lita nzima kila kilomita 100, na unaanza kuangalia upepo, kichujio cha hewa na plagi. Na ile tarakimu ya kupendeza kwenye karatasi ya Japani, iliyopatikana kwa jaribio lao la zamani la 10-15, usiitumie kumlaumu fundi. Jaribio lile lilikuwa la upole mno, halifanani na kupanda mlima wa Kitonga ukiwa na mizigo.

Upepo ni rahisi, na hapa simlaumu kijana wa tairi. Geji yake ni ya psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba, na hutambadilishia geji. Kibandiko chako kikisema kPa 220, gawanya kwa 7 uzungushe kwenda juu: 32. Kikisema 230, sema 33. Magari ya Japani ya miaka ya 1990 huandika 2.2 au 2.3, hizo ni kilo kwa sentimita ya mraba, na kwa kazi ya tairi zichukulie kuwa ni 220 na 230. Daftarini andika kPa, na pembeni pauni kwa ajili ya kumtajia kijana. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, maana joto likiongezeka nyuzi 10 za selsiasi, upepo nao hupanda karibu kPa 10. Jambo moja la kusisitiza: yale maandishi ya ubavuni mwa tairi, MAX PRESS na tarakimu kama 44 au 51 psi, ni mwisho wa uwezo wa tairi. Si upepo wa gari lako. Nimeona magari mengi madogo yakiendeshwa kwa 45 kwa sababu mtu alisoma tairi badala ya mlango, kisha analalamika kuwa gari linaruka kwenye makorongo na tairi zinalika katikati.

Kifuniko cha rejeta nacho kina mtego wa aina hii. Cha Kijapani huandikwa 0.9 au 1.1, yaani kilo kwa sentimita ya mraba, cha Kimarekani 13 au 16, yaani psi. Cha 0.9 kinakaribiana kabisa na cha 13, na cha 1.1 na cha 16. Usimwache mtu akuambie cha 16 kina nguvu zaidi kuliko cha 1.1 kwa kuwa tarakimu yake ni kubwa.

Mahali ambapo inchi ndiyo mwenye nyumba ni rimu. Soma tairi yoyote, mathalani 185/65R15. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Vipimo viwili vya mataifa tofauti katika mstari mmoja, na dunia nzima imekubali. Michelin walijaribu kusafisha hali hii katikati ya miaka ya 1970 kwa tairi za TRX, ambazo rimu zake zilikuwa za milimita, kama 390. Makusudi yao yalikuwa ya kiusalama, tairi ya kawaida isiweze kupachikwa kwenye rimu ile. Baadhi ya matoleo ya Peugeot 505 yalitoka nazo, na wenye magari hayo baadaye walihangaika kupata tairi mpaka wengi wakabadili rimu. Nami napenda metriki kwa moyo wote, lakini rimu ya 15 iache iwe ya 15. Ukiandika milimita 381 kwenye daftari hakuna duka litakalokuelewa.

Vivyo hivyo kwa mraba wa soketi. Ratcheti na spana za toki hushikana na soketi kwa miraba ya robo inchi, tatu kwa nane na nusu inchi, kuanzia Osaka mpaka Arusha. Soketi ya milimita 21 unayofungulia nati za gurudumu la IST inakaa juu ya mraba wa nusu inchi, na hakuna ubaya.

Kuna pia Land Rover za zamani, ambazo kwetu bado zinafanya kazi porini. Majina yao ni inchi tupu: 88 na 109 ni umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na nyingi ya boliti zake ni za inchi. Huko spana ya milimita ni adui. Ukimwekea boliti ya nusu inchi spana ya 13, nafasi ya milimita 0.3 inatosha kumomonyoa pembe zake siku ikiwa imeshika kutu. Boliti ya M8, yaani ya milimita 8, ikilazimishwa kwenye tundu la inchi 5/16 itaingia mizunguko kadhaa, utadhani imekubali, kisha itakula nyuzi zote. Umbali wa ekseli wa Land Rover Defender mpya ya 110 ni milimita 3,022, ambao ni takriban inchi 119. Jina limebaki, kipimo kimeondoka.

Kuhusu ujazo wa injini sina la kukuongezea sana: cc ndiyo lugha ya forodha na ya bima, na 1NZ yako ni cc 1,496, sio 1,500. Lita za kwenye nembo ni za biashara. Ford Mustang za zamani ziliandikwa 5.0 wakati injini ilikuwa cc 4,942. Panapohusika kodi, soma cc. Upana wa IST yako nao una habari ndani yake: milimita 1,695. Sheria za Japani huhesabu gari kuwa dogo lisipozidi milimita 1,700, na ndiyo maana magari mengi sana ya Kijapani yanaishia 1,695. Kwenye orodha za Marekani utakuta inchi 66.7, tarakimu isiyokuambia chochote.

Siku ukitaka gari lililotumika Uingereza au Marekani, soma odomita kwa makini. Nchi zetu ziliachana na maili baada ya uhuru, zimebaki kwenye majina kama Maili Moja ya Kibaha na Maili Nne ya Eldoret, lakini kwenye dashibodi za magari hayo bado zinahesabu. Elfu themanini za maili ni kilomita 128,700, na huduma ya mkanda au ya gia unayodhani iko mbali huenda imeshapita.

Nimeiacha spana ya toki mwisho kwa sababu hapo kipimo kinagusa uhai wa watu. Nati za magurudumu za gari lako hukazwa kwa N·m 103. Vitabu vya Toyota huandika zote tatu pamoja: N·m 103, kgf·cm (kilo-sentimita) 1,050, ft·lbf (futi-pauni) 76. Spana nyingi za sokoni zina mistari miwili, N·m upande mmoja na futi-pauni upande wa pili. Fundi akisikia 103 akaiweka kwenye mstari wa futi-pauni, amekaza N·m 140, zaidi ya theluthi juu ya inavyotakiwa. Boliti zinavutika, diski ya breki inaweza kupinda, na siku ya pancha usiku njiani hutazifungua kwa spana ya kwenye buti. Akitazama video ya Kimarekani akasikia 76, kisha akaiweka kwenye mstari wa N·m, amepunguza zaidi ya robo, na gurudumu linaweza kulegea ukiwa barabara kuu na watoto nyuma. Fundi huyo si mzembe. Spana imelia "tak" kama ilivyotakiwa, naye ameridhika. Spana haijui alikusudia mstari upi.

Basi nunua ya N·m, mraba wa nusu inchi, inayofika 200, na ukiweza nyingine ndogo ya mraba wa tatu kwa nane kwa ajili ya plagi na boliti ya sampu, maana kubwa haiaminiki kwenye mkazo mdogo. Kama utapata yenye mistari miwili tu, funika wa futi-pauni kwa rangi au utepe siku hiyohiyo uliyoinunua. Ukikutana na kitabu cha zamani cha kgf·cm, ondoa sifuri moja: 1,050 inakuwa 105, na kosa la asilimia mbili ni dogo kuliko kosa la spana yenyewe. Ukikutana na futi-pauni, zidisha kwa 1.36, na ufanye hesabu hiyo mezani kabla hujainua jeki. Nyuzi za boliti za gurudumu ziwe kavu na safi, usipake oili wala grisi, kwa sababu ile 103 ilipangwa kwa nyuzi kavu. Kaza kwa kuvuka, yaani nati moja kisha ya ng'ambo yake, si kwa kuzunguka, na baada ya kilomita mia moja hivi pima tena. Ukimaliza, rudisha spana kwenye alama yake ya chini kabla ya kuiweka kwenye boksi.